Kiunzi Kisichotulia: Istilahi za Kiswahili na Usafirishaji wa Protini ndani ya Seli



1. Utangulizi

Mgonjwa wa kisukari aambiwapo kwamba sukari "inakataa kuingia mwilini", hupewa maelezo yenye ukweli wa kiasi tu. Sukari imekwisha kuingia mwilini; imo katika damu. Penye kikwazo ni mlangoni mwa seli, na mara nyingi kikwazo hicho hutokana na protini moja ambayo ilipaswa kusafirishwa kutoka ndani ya seli hadi kwenye utando wake wa nje, isifike kwa kiasi kinachotakiwa. Mganga akitaka kumweleza mgonjwa jambo hili kwa Kiswahili, au mwalimu akitaka kumweleza mwanafunzi, anahitaji maneno ya vitu visivyoonekana kwa macho na maneno ya matendo ya vitu hivyo. Mhadhara huu unahusu maneno hayo.

Suala la Kiswahili na sayansi si geni. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa mwaka 1967, na usanifishaji wa istilahi umekuwa miongoni mwa kazi zake. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tangu hapo mjadala umeelekea mno kwenye hesabu: Kiswahili kina istilahi ngapi, na kimepungukiwa ngapi. Swali la hesabu lina maana, lakini huficha swali jingine lililo zito zaidi, nalo ni kama istilahi iliyopo humfikirisha msomaji sawasawa. Istilahi inaweza kuwa sanifu, fupi na yenye kukubalika, na bado ikafundisha kosa.

Mfano uliochaguliwa kulipima jambo hili ni wa biolojia ya seli: namna aktini, ambayo ni sehemu ya kiunzi cha seli, inavyosaidia kuratibu usafirishaji wa protini. Umechaguliwa kwa sababu somo hili limejaa sitiari. Wanabiolojia huzungumzia mifupa, barabara, shehena na injini mahali ambapo hapana hata kimoja cha vitu hivyo. Anayeunda istilahi za Kiswahili ana hiari ya kuzinakili sitiari hizo zilivyo, au kukitazama kitu chenyewe kisha akaiuliza lugha yake ina nini cha kukisemea.

2. Kiunzi: neno na kitu

Aktini ilitambuliwa mwaka 1942 na Brunó Straub katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria. Aliipata katika misuli, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ni mali ya misuli. Baadaye ilibainika kwamba imo katika seli za wanyama, mimea na kuvu, na kwamba katika seli nyingi ni miongoni mwa protini zilizo nyingi kupita zote.

Aktini huwa katika hali mbili. Hali ya kwanza ni ya punje mojamoja zinazoelea katika majimaji ya seli. Hali ya pili ni ya uzi: punje hujipanga katika safu mbili zilizosokotana kama kamba, na uzi huo huwa na kipenyo cha takriban nanomita 7. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Uzi huu haudumu. Punje huongezeka kwa kasi katika ncha moja na kubanduka katika ncha nyingine, kama ukili ambao msusi anausuka upande huu ilhali mwingine anaufumua upande ule. Urefu unaweza kubaki uleule na hali kila punje iliyomo imekwisha kubadilishwa. Pamoja na aktini, kiunzi cha seli kina mirija midogo yenye kipenyo cha takriban nanomita 25, na nyuzi za kati ambazo unene wake ni baina ya hizo mbili.

Lugha za Ulaya zimeuita mfumo huu kwa neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha mifupa ya mwili. Katika Kigiriki, mzizi wa neno hilo ulihusu kitu kilichokauka, yaani mwili uliokauka ukabaki mifupa. Kwa bahati mbaya, hakuna sifa iliyo mbali zaidi na aktini kuliko ukavu na utulivu. Mwanafunzi asomaye juu ya "mifupa ya seli" huona kitu kigumu kinachoishikilia seli isiporomoke. Kisha huambiwa kwamba kitu hicho hujengwa na kubomolewa wakati wote, na hapo mawazo yake huanza kushindana na neno alilofundishwa.

Kiswahili kina neno kiunzi. Kimofolojia, neno hili linahusiana na kitenzi -unda, kama vile mpenzi linavyohusiana na -penda, na mlinzi na -linda: konsonanti d hubadilika kuwa z mbele ya kiambishi -i. Kuunda, katika matumizi ya pwani, ni hasa kazi ya fundi wa vyombo vya baharini, na kiunzi ni umbo la mbao ambalo chombo hujengwa juu yake. Neno hilohilo limepanuka likatumika kwa mifupa ya mwili, kiunzi cha mifupa. Limepanuka tena katika michezo, ambapo mbio za kuruka viunzi ni mbio zenye vizuizi ambavyo mkimbiaji hana budi kuvivuka.

Kwa hiyo neno moja limebeba dhana tatu: kitu kinachoundwa, kitu kinachotegemeza, na kitu kinachozuia. Kama itakavyoonekana, aktini hufanya yote matatu. Hii haina maana kwamba mababu waliijua seli. Maana yake ni kwamba neno lililokulia kazini lina mikunjo mingi, na mtaalamu mwangalifu anaweza kuikunjua kulingana na haja.

Hata hivyo, kiunzi peke yake hakitoshi. Kiunzi cha jahazi kikishaundwa husimama, ilhali kiunzi cha seli hakitulii. Upungufu huu wa nomino huweza kuzibwa na kitenzi. Kiswahili kina kauli ya kutendua, inayogeuza tendo kuwa kinyume chake: funga, fungua; ziba, zibua; kunja, kunjua; fuma, fumua; panga, pangua. Kwa aktini, jozi ya panga na pangua inafaa sana. Punje hujipanga kuwa uzi, na uzi hupanguliwa kuwa punje. Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba punje zinaweza kushikana zenyewe bila fundi. Umbo la kutendwa katika hupanguliwa linakumbusha kwamba seli ina protini nyingine zinazoharakisha upanguaji. Sentensi fupi ya Kiswahili imebeba mambo mawili ambayo nomino ya kigeni haikuyagusa.

3. Nani husafiri, nani husafirisha?

Protini nyingi huundwa mahali pamoja na kutumika mahali pengine. Zile zinazopaswa kufika kwenye utando wa seli, au kutoka nje kabisa, hubebwa ndani ya vifuko vidogo vya utando. Uchunguzi wa mfumo huo wa vifuko ndio uliowapatia James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013. Schekman aliuchunguza kwa kutumia hamira, kiumbe yuleyule anayeumua mkate.

Hapa sarufi inauliza swali. Mtu akisema usafiri wa protini, ametumia nomino ya kitenzi -safiri, ambacho mtendaji wake ndiye aendaye. Akisema usafirishaji wa protini, ameingia katika kauli ya kutendesha, na kauli hiyo inadai mtendaji wa pili: nani anayesafirisha? Tofauti hiyo si ya mapambo. Chembe ndogo huweza kutapakaa zenyewe katika majimaji, na hizo husafiri. Kifuko kizito kinachotakiwa kufika mahali maalumu hakiachiwi bahati, husafirishwa. Mwalimu anayetumia maneno haya mawili kana kwamba ni mamoja anafuta mpaka ambao lugha yake imemwekea bure.

Anayesafirisha juu ya nyuzi za aktini ni jamaa ya protini ziitwazo miosini. Mojawapo, miosini ya tano, ina jozi ya miguu inayopishana, na hupiga hatua za takriban nanomita 36, kila hatua kwa molekuli moja ya ATP. Kutembea maikromita moja huihitaji hatua zipatazo 28. Jina linalomstahili ni mchukuzi, au hamali kama wasemavyo watu wa bandarini, kwa kuwa habebi shehena yake mwenyewe na huipeleka anakotumwa.

Hamira hutoa mfano ulio wazi. Seli yake huzaana kwa kuchipua: kichipukizi huota ubavuni na kukua. Nyuzi za aktini hujipanga katika mafungu yaliyoelekea kwenye kichipukizi, na miosini huvipeleka huko vifuko vyenye protini na utando mpya. Katika hamira ambayo miosini hiyo ina kasoro inayojitokeza kwenye joto, nyuzijoto zinapopandishwa vifuko hurundikana katika seli mama, nayo huvimba bila kuchipua. Malighafi ipo na vifuko vipo. Kilichokosekana ni mchukuzi.

Mfano wa pili uko katika ngozi na nywele. Seli zinazotengeneza rangi huijaza katika vifuko pamoja na protini zinazoitengeneza. Vifuko hivyo huenda mwendo mrefu juu ya mirija midogo, huku na huko, kama magari katika barabara kuu. Vikifika pembezoni, miosini ya tano huvinasa kwenye nyuzi za aktini, visirudi tena katikati. Panya ambao jeni ya miosini hiyo imeharibika huwa na manyoya yaliyofifia: rangi imetengenezwa ya kutosha, ila vifuko vimejikusanya karibu na kiini cha seli. Kwa binadamu, kasoro ya namna hiyo huonekana katika ugonjwa adimu wa Griscelli, uliofafanuliwa mwaka 1978, ambao wenye nao huwa na nywele za rangi ya fedha. Katika mfano huu kitenzi kinachofaa zaidi kuliko -safirisha ni -nasa, maana kazi ya aktini ni kukizuia kilichofika kisiondoke.

Suala la mwelekeo nalo linastahili kutajwa. Ncha mbili za uzi wa aktini hazifanani, na miosini hutambua tofauti hiyo. Nyingi huelekea kwenye ncha ambako uzi hukua. Miosini ya sita huenda kinyume. Istilahi za kimataifa huziita ncha hizo kwa alama za kujumlisha na kutoa. Zikitafsiriwa ncha chanya na ncha hasi, mwanafunzi aliyetoka katika somo la umeme atafikiri juu ya chaji, na atakuwa amepotoshwa na mfasiri mwaminifu. Kauli ya kutendea, ambayo huweza kubeba maana ya mahali, inatoa njia bora: ncha ya kukulia na ncha ya kupungukia. Maneno haya ni marefu kidogo, lakini yanaeleza kinachotokea pale.

4. Kiunzi cha kurukwa

Chini ya utando wa seli nyingi kuna wavu mzito wa nyuzi za aktini. Wavu huo huipa seli umbo, lakini pia huweza kuvikinga vifuko visiufikie utando. Hapa maana ya tatu ya kiunzi, ile ya wanariadha, inapata kazi.

Figo huonyesha jambo hili vizuri. Mwili ukipungukiwa na maji, homoni ya vasopresini huzitaka seli za mirija ya kukusanyia mkojo zirudishe maji mwilini. Seli hizo zina vifuko vyenye akwaporini ya pili, protini iliyo mlango wa maji. Vikiungana na utando, milango hufunguka upande wa mkojo na maji hunyonywa. Uchunguzi umeonyesha kwamba homoni hiyo husababisha sehemu ya wavu wa aktini kupanguliwa, na kwamba upanguaji huo huvirahisishia vifuko kuufikia utando. Mkimbiaji huruka kiunzi. Katika seli, kiunzi ndicho kinachoondolewa njiani.

Sasa mhadhara unarudi kwa mgonjwa aliyetajwa mwanzoni. Katika seli za misuli na za mafuta, mlango wa sukari ni protini iitwayo GLUT4. Wakati wa njaa, sehemu kubwa ya protini hiyo hukaa ndani, katika vifuko. Mtu akila, insulini hutoa ishara, vifuko hupelekwa kwenye utando, milango huongezeka, na sukari hutoka katika damu na kuingia katika seli. Miongoni mwa matokeo ya ishara hiyo katika misuli ni kuamshwa kwa protini ndogo iitwayo Rac1, ambayo huchochea aktini kujipanga upya. Katika misuli yenye usugu wa insulini, ya panya na ya binadamu, njia hii ya Rac1 imeonekana kudhoofika.

Je, aktini huwa njia au huwa kizuizi? Majaribio ya sumu mbili zitokanazo na sifongo wa baharini husaidia kujibu. Latrunculini, iliyopatikana kwa sifongo wa Bahari ya Shamu, hushika punje zisijipange. Jasplakinolidi huzishika nyuzi zisipanguliwe. Mtu angetarajia kwamba moja ingezuia kazi ya insulini na nyingine ingeisaidia. Kumbe zote mbili hupunguza ufikaji wa GLUT4 kwenye utando. Kinachohitajika, basi, ni mabadiliko yenyewe: kupanga hapa na kupangua pale, kwa wakati wake.

Jambo hili linaamua pia istilahi nyingine. Maandishi ya Kiingereza husema kwa neno moja kwamba aktini "hurekebisha mwenendo" wa usafirishaji. Kiswahili kina -zuia, -dhibiti, -ongoza na -ratibu. Kuzuia ni kuweka kikwazo, kudhibiti ni kushika kwa nguvu kisitoke kitu nje ya mpaka, kuongoza ni kuonyesha njia, na kuratibu ni kuyaweka mambo mengi katika mpango ili kila moja lije kwa zamu yake. Aktini ya hamira huongoza, na wavu wa figo huzuia mpaka uamriwe vingine. Kwa jumla ya kazi hizo, kuratibu ndilo neno. Mfasiri akichagua kudhibiti kwa mazoea, kwa kuwa ndilo linalosikika ofisini, ataichora aktini kama askari wa mlangoni, na nusu ya habari itakuwa imepotea.

5. Kukopa na kuunda

Wapo watakaouliza kwa nini istilahi za kimataifa zisitoholewe zote, maadamu mwanasayansi atazikuta tena katika vitabu vya nje. Hoja hiyo ina uzito, na mhadhara huu umetohoa bila haya: aktini, miosini, insulini, akwaporini. Haya ni majina ya vitu mahususi. Hata kwa wenye lugha za Ulaya, jina aktini halielezi lolote kwa msomaji wa kawaida, ni kibandiko. Kibandiko kikopwe, kiandikwe kwa tahajia ya Kiswahili, kazi iendelee.

Hali ni tofauti kwa majina ya matendo na mahusiano. Kujipanga, kupanguliwa, kusafirishwa, kunaswa, kuratibu na ncha ya kukulia ni mahali ambapo fikra za mwanafunzi hufanya kazi. Hapo Kiswahili hakina sababu ya kukopa, kwa kuwa mnyambuliko wa vitenzi ni hazina yake kuu. Kanuni inayopendekezwa ni nyepesi kuitamka: majina ya vitu yatoholewe, majina ya matendo yaundwe.

Kanuni hiyo ina matokeo yanayopimika katika uandishi wa kamusi. Kidahizo cha kiunzi cha seli kingeweza kufafanuliwa hivi: "mfumo wa nyuzi na mirija ya protini ndani ya seli, unaojipanga na kupanguliwa kulingana na haja, ambao huipa seli umbo, huwa njia ya kusafirishia vifuko, na huweza kuvizuia au kuvinasa." Fafanuzi hii ina vitenzi vingi. Fafanuzi isemayo tu "mifupa ya seli" ni fupi zaidi, na mwanafunzi ataikariri upesi, lakini haitamsaidia kueleza kwa nini sumu mbili zenye kazi kinyume zimeleta matokeo yaleyale.

Huo ndio ukubwa wa jambo lenyewe. Nchini Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa sayansi kwa Kiswahili, kisha katika sekondari huikuta sayansi hiyohiyo kwa Kiingereza. Mara nyingi yeye huvuka na mkoba wa nomino: hujua jina la kiini, jina la utando, jina la protini. Akiulizwa nini kinafanya nini, hunyamaza, na unyamavu wake huhesabiwa kuwa ni ujinga wa sayansi. Yamkini ni upungufu wa vitenzi. Daktari na muuguzi waliopita katika njia hiyohiyo humkabili mgonjwa wakiwa na mkoba uleule, na mgonjwa hurudi nyumbani na sukari "inayokataa", kana kwamba sukari ina kiburi.

6. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, sitiari iliyozoeleka katika lugha moja ya sayansi haina amri juu ya lugha nyingine. Neno kiunzi, kwa asili yake katika uundaji wa vyombo na kwa matumizi yake uwanjani, linaikaribia aktini kuliko mifupa mikavu. Pili, viambishi vya kauli ya kutendesha, kutendua na kutendea ni vyombo vya kupimia ukweli, kwa kuwa humlazimisha msemaji aseme nani atendaye, nini kinachogeuzwa na wapi. Tatu, istilahi hujaribiwa kwa sentensi. Orodha ya maneno inaweza kupitishwa na kamati, lakini neno huthibitika linapokubali kufanya kazi pamoja na mengine katika maelezo yaliyo kweli.

Kazi inayobaki ni ya pamoja. Mwanaisimu asiyemwuliza mwanabiolojia ataunda maneno mazuri ya vitu visivyokuwapo, na mwanabiolojia asiyemwuliza mwanaisimu atatohoa hata pale ambapo kitenzi cha Kiswahili kilikuwa kikimsubiri. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuambiwa hivi: "Milango ya sukari imo ndani ya seli zako. Insulini inaita ipelekwe nje, lakini wito hausikiki vema, na njia haipangwi upya inavyotakiwa. Ndiyo maana sukari inabaki katika damu." Hakuna neno hapo ambalo mtu mzima asiyesoma sekondari hatalielewa, na hakuna ambalo mtaalamu wa seli atalazimika kulikanusha.